Mijadala ya mtandaoni nchini Tanzania

Mijadala ya mtandaoni ni mazungumzo na mabishano yanayofanywa kupitia intaneti kati ya watu ambao mara nyingi hawafahamiani. Nchini Tanzania huendeshwa hasa kwa Kiswahili. Huhusu mambo mazito kama vile rushwa, katiba, ardhi na vifo vyenye utata, pamoja na mambo mepesi kama vile soka, Bongo Fleva, filamu na maisha ya wasanii. Jukwaa lililojulikana zaidi kwa mijadala ya namna hii ni JamiiForums, lililoanzishwa mwaka 2006.

Sifa inayoitofautisha na mazungumzo mengine ni matumizi ya majina bandia. Katika mkutano wa kijiji, tuseme pale Kalenga katika Mkoa wa Iringa, anayesimama kuzungumza hujulikana ni mtoto wa nani, ana umri gani, ni wa chama gani na anadaiwa na nani. Maneno yake hupimwa pamoja na hayo yote, na kijana au mwanamke anayempinga mzee mbele ya watu huonekana amekosa adabu hata kama hoja yake ni sahihi. Mtandaoni mwalimu mstaafu hubishana na mwanafunzi wa kidato cha nne bila yeyote kati yao kujua. Ndiyo maana jina bandia limekuwa kiini cha mvutano kati ya majukwaa haya na dola.

Asili

Kubishana na mtu usiyemjua hakukuanza na intaneti. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza kutolewa na serikali ya kikoloni mjini Dar es Salaam mwaka 1923, lilichapisha barua na mashairi ya wasomaji kutoka sehemu mbalimbali za nchi. Mshairi mmoja aliuliza swali kwa beti, na mwingine wa wilaya nyingine, ambaye hawajawahi kuonana, akamjibu kwa mizani na vina vilevile. Mada zilikuwa za kila aina, kuanzia dini na malezi hadi mafumbo ya kupimana akili. Wengi walitumia lakabu. Hata baadaye mshairi Amiri Sudi Andanenga alijulikana zaidi kama Sauti ya Kiza. Tofauti kubwa na leo ni mwendo tu: wakati huo jibu lilisubiriwa mwezi mzima au zaidi, na kwa kuwa kila neno lilipaswa kukaa kwenye mizani, matusi ya papo kwa papo hayakuwa rahisi.

Chanzo kingine ni kijiwe, yaani mahali ambapo wanaume hasa hukaa kunywa kahawa, kucheza bao au drafti na kujadili habari za siku. Kijiwe humpokea mgeni, lakini kina wenyeji wake na hakina nafasi kubwa kwa wanawake. Pia kuna utani wa makabila, ambao humruhusu mtu kumsema mwenzake kwa maneno makali bila kuleta ugomvi. Utani huo umehamia mtandaoni ukiwa mzima, na mtu wa Iringa au Mbeya akijitambulisha anakotoka hutegemea kupata yake mara moja. Tatizo ni kwamba utani unahitaji pande zote mbili zijue kwamba ni utani. Maandishi hayana sauti wala uso, kwa hiyo mzaha huishia kusomwa kama tusi.

Kuenea

Mwanzoni walioweza kubishana mtandaoni walikuwa wachache: wafanyakazi wa ofisini, wanafunzi wa vyuo, Watanzania walioishi ng'ambo, na watu wa mijini waliolipia muda kwenye intaneti kafe. Waya wa chini ya bahari wa SEACOM ulifika Dar es Salaam mwaka 2009 na kupunguza utegemezi wa setilaiti. Baada ya hapo simu za mkononi na vifurushi vya data, maarufu kama bando, viliwaingiza watu wa wilayani na vijijini.

JamiiForums ilianzishwa na Maxence Melo na Mike Mushi kwa jina la JamboForums, kisha ikabadili jina mwaka 2008. Iligawanywa katika majukwaa madogo: siasa, sheria, elimu, kilimo na ufugaji, afya, michezo, wasanii, utani, na lile la Mahusiano, Mapenzi na Urafiki, linalofupishwa MMU. Mtu mmoja kwa jina lilelile bandia aliweza asubuhi kuchambua bajeti ya serikali, mchana kuuliza dawa ya mdondo wa kuku, na usiku kuomba ushauri kuhusu mchumba. Mpangilio huu ulikuwa na athari kubwa kuliko unavyoonekana. Jina bandia lilijijengea sifa kwa miaka, na aliyewahi kutoa ushauri mzuri kuhusu kuku alisikilizwa alipozungumzia bajeti. Mgeni hakuwa mgeni tena, ingawa bado hakuna aliyemjua.

Baadaye mijadala ilisambaa kwenye Facebook, Instagram, Twitter (sasa X) na makundi ya WhatsApp.

Mada nzito

Sakata la kwanza kubwa lililoonyesha nguvu ya mijadala hii ni la Richmond, kampuni iliyopewa mkataba wa kuzalisha umeme wa dharura mwaka 2006. Ripoti ya kamati teule ya Bunge ilimfanya Waziri Mkuu Edward Lowassa ajiuzulu tarehe 7 Februari 2008. Mwezi huohuo waanzilishi wa JamiiForums walikamatwa na kuhojiwa na polisi.

Katika Nyanda za Juu Kusini, tukio lililogusa wengi ni kifo cha mwandishi wa habari Daudi Mwangosi. Aliuawa tarehe 2 Septemba 2012 katika kijiji cha Nyololo, wilaya ya Mufindi, Mkoa wa Iringa, wakati polisi walipokuwa wakizuia shughuli za CHADEMA. Picha zilizomwonyesha akiwa amezungukwa na askari muda mfupi kabla ya kufa zilisambaa magazetini na mtandaoni. Watu wasiofahamiana walizilinganisha picha hizo moja baada ya nyingine: nani amesimama wapi, nani ameshika bunduki ya mabomu ya machozi, mkono wa nani unaelekea wapi. Mwaka 2016 Mahakama Kuu mjini Iringa ilimhukumu askari mmoja kifungo cha miaka 15 kwa kuua bila kukusudia.

Mwaka 2014 jimbo la Kalenga lenyewe lilikuwa mada. Mbunge wake William Mgimwa, aliyekuwa Waziri wa Fedha, alifariki tarehe 1 Januari, na uchaguzi mdogo wa tarehe 16 Machi ukashindwa na kila mgombea isipokuwa mwanawe, Godfrey Mgimwa wa CCM. Swali lililobishaniwa halikuwa la Kalenga peke yake: je, mtoto kurithi kiti cha baba ni chaguo la wananchi au ni usultani? Upande mmoja husema kura zilipigwa na kuhesabiwa. Upande mwingine husema jina linalojulikana ni mtaji ambao mgombea mwingine hana. Hoja zote mbili zina ukweli, na pengine ndiyo sababu ubishi huu hurudi kila mtoto wa kiongozi anapogombea.

Mwaka 2023 Mbeya ilikuwa kitovu cha mjadala wa bandari. Bunge liliridhia mkataba kati ya Tanzania na Dubai tarehe 10 Juni, na nakala yake ikasambaa kwenye simu. Raia wa kawaida walianza kunukuliana ibara za mkataba, hasa ile ya 23 kuhusu muda na kuvunjwa kwake. Shauri la kuupinga lilifunguliwa Mahakama Kuu, Mbeya, na kutupiliwa mbali tarehe 10 Agosti. Siku chache baadaye wakili Boniface Mwabukusi, mwanaharakati Mdude Nyagali na balozi wa zamani Willibrod Slaa, waliokuwa wapinzani wakubwa wa mkataba, walikamatwa, kisha wakaachiwa.

Mada nyepesi

Mada nyepesi ndizo zinazovuta watu wengi zaidi. Simba na Yanga hazina msimu wa mapumziko. Mashabiki wa Diamond Platnumz na wa Alikiba waligawanyika katika timu mbili zilizohesabu watazamaji wa kila video mpya kana kwamba ni kura. Katika Nyanda za Juu Kusini, Mbeya City iliyomaliza Ligi Kuu katika nafasi ya tatu katika msimu wake wa kwanza, 2013/14, na Lipuli ya Iringa iliyofika fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2019 na kufungwa 1-0 na Azam, ziliwapa wenyeji sababu ya kuingia kwenye ubishi ambao kwa kawaida ni wa watu wa Kariakoo.

Wapo wanaoona mada hizi ni kupoteza muda. Lakini mpaka kati ya uzito na wepesi si wa kudumu. Mwigizaji Steven Kanumba alipofariki tarehe 7 Aprili 2012, mazungumzo yalianza kama habari za wasanii. Baada ya mwigizaji Elizabeth Michael, maarufu kama Lulu, kushtakiwa, yaligeuka darasa la sheria: umri wake ulikuwa miaka 17 au 18? Mtoto hushtakiwa katika mahakama gani? Kuua kwa kukusudia na kuua bila kukusudia vinatofautianaje? Mwaka 2017 alihukumiwa kifungo cha miaka 2 kwa kosa la kuua bila kukusudia, na wasomaji wa udaku walikuwa tayari wanajua maana ya maneno hayo.

Soka nayo ina mfano wake. Mechi ya Yanga na Simba iliyopangwa tarehe 8 Machi 2025 haikuchezwa, kwa sababu Simba walizuiwa kufanya mazoezi uwanjani usiku wa kuamkia mechi na kutangaza kwamba hawatacheza. Kwa majuma kadhaa mashabiki walisomeana kanuni za ligi: timu ngeni ina haki gani, nani alipaswa kuarifiwa, na je, bodi ya ligi ina mamlaka ya kuahirisha? Mechi ilichezwa Juni, Yanga wakashinda 2-0, na ubishi kuhusu kanuni haukwisha. Anayesoma mabishano hayo kwa utulivu ataona kazi ileile iliyofanywa kwenye mkataba wa bandari: kutafuta kifungu, kukinukuu na kubishania maana ya neno moja.

Kuna pia waliovuka mpaka huo wao wenyewe. Mange Kimambi, Mtanzania anayeishi Marekani, alijulikana kwanza kwa blogu ya mitindo na habari za watu maarufu. Wafuasi aliowapata huko ndio aliowaita kuandamana dhidi ya serikali tarehe 26 Aprili 2018. Waliojitokeza walikuwa wachache kwa kuwa polisi walikuwa wengi mitaani, lakini baada ya hapo haikuwa rahisi kusema udaku na siasa ni ulimwengu mbili.

Mfano: fuvu la Mkwawa

Kalenga ilikuwa makao makuu ya Mtwa Mkwawa wa Wahehe. Wajerumani waliiteka ngome yake Oktoba 1894, naye akaendelea kupigana msituni hadi alipojiua tarehe 19 Julai 1898. Kichwa chake kilikatwa. Ibara ya 246 ya Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 iliitaka Ujerumani ilikabidhi fuvu lake kwa Uingereza, jambo ambalo halikutekelezwa wakati huo. Gavana Edward Twining alilirudisha mwaka 1954 na kumkabidhi Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa Mtwa, na sasa limehifadhiwa katika makumbusho ya Kalenga.

Je, ni lenyewe? Swali hili linafaa kuonyesha jinsi mjadala kati ya wageni unavyoweza kwenda vizuri au vibaya. Twining alilichagua katika jumba la makumbusho la Bremen kati ya mafuvu mengi, akitumia vipimo vya uwiano wa upana na urefu vilivyolinganishwa na vichwa vya ndugu wa Mkwawa, pamoja na tundu la risasi. Anayeamini huleta tundu na vipimo. Anayetilia shaka hujibu kwamba vipimo hivyo huonyesha kufanana tu. Watu wengi wanaweza kuwa navyo, na waliopigwa risasi na Wajerumani hawakuwa mmoja. Mpaka hapo mjadala ni mzuri, kwa kuwa kila upande unajua ni kitu gani kingeumaliza: kupima vinasaba vya fuvu na vya wazao.

Huharibika anapotokea mtu na kuuliza, "Wewe ni Mhehe?" Tangu hapo kinachojadiliwa si fuvu bali ni nani mwenye haki ya kusema. Huharibika pia pale anayeuliza swali la ushahidi anapoitwa kibaraka wa wakoloni. Hata hivyo swali la haki ya kusema si la kupuuzwa moja kwa moja. Kwa ukoo wa Mkwawa mabaki hayo ni ya babu, si kielelezo cha darasani, na mtu aliye Mwanza au Toronto anayedai lipasuliwe kesho ili yeye ashinde ubishi anasahau kwamba kuna wenye msiba.

Lugha ya mijadala

Mijadala imezaa msamiati wake. Mada inayoanzishwa huitwa uzi, na aliyeianzisha ni mleta mada. Wachangiaji huitana mkuu, heshima isiyohitaji kujua umri wala cheo. Habari isiyoaminika ni chai, na anayeitoa hudaiwa ushahidi au picha. Hasira zinazomwagika bila hoja ni povu. Kutafuta umaarufu kwa vituko ni kutafuta kiki.

Kundi jingine la maneno ni la kufungiana mlango. Wanaotetea serikali huambiwa ni chawa, au ni wa "Lumumba buku saba", yaani wanalipwa shilingi 7,000 na ofisi ya CCM iliyoko Mtaa wa Lumumba. Wafuasi wa CHADEMA nao huitwa nyumbu, kwa maana ya kufuata mkumbo. Faida ya maneno haya kwa mtumiaji ni kwamba humwondolea kazi ya kujibu: ukishamwita mtu chawa, hoja yake haihitaji kusomwa. Jina bandia ambalo huondoa uzito wa ukoo na cheo haliondoi uzito wa chama.

Waandaaji wa majukwaa huweka wasimamizi wa kufuta matusi na kuwafungia wakosefu. Kazi hiyo haijawahi kumridhisha mtu. Kila upande huamini unafutiwa zaidi.

Sheria

Sheria ya Makosa ya Mtandao ilipitishwa na Bunge Aprili 2015 na kuanza kutumika Septemba mwaka huo. Kifungu cha 16 kinahusu kuchapisha taarifa za uongo. Kifungu cha 32 kinawapa polisi uwezo wa kuamuru mwenye taarifa za kielektroniki azitoe kwa ajili ya uchunguzi. Kwa jukwaa la majina bandia hicho cha pili ndicho kizito zaidi, maana kinachotakiwa ni jina lenyewe. Kampuni ya Jamii Media ilivipinga vifungu vya 32 na 38 mahakamani, na Mahakama Kuu ikatupilia mbali ombi hilo mwaka 2017.

Kabla ya uamuzi huo, Desemba 2016, Maxence Melo alikamatwa. Polisi walikuwa wametaka taarifa za watumiaji waliotoa tuhuma dhidi ya kampuni, naye hakuzitoa. Alifunguliwa mashauri matatu katika Mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, kwa mashtaka ya kuzuia uchunguzi na ya kuendesha tovuti isiyosajiliwa kwa kikoa cha .tz. Mwaka 2018 aliachiwa huru katika shauri moja. Aprili 2020 alitiwa hatiani katika jingine na kuamriwa kulipa faini ya shilingi milioni 3 au kwenda jela mwaka mmoja. Kati ya hukumu hizo mbili, mwaka 2019, alipewa Tuzo ya Kimataifa ya Uhuru wa Habari na Kamati ya Kuwalinda Waandishi wa Habari yenye makao New York.

Watumiaji wa kawaida nao waliadhibiwa. Mwaka 2016 mkazi mmoja wa Arusha alihukumiwa kifungo cha miaka 3 au faini ya shilingi milioni 7 kwa maneno ya kumtukana Rais John Magufuli kwenye Facebook. Wanaounga mkono sheria hizi husema kwamba jina bandia ni kichaka cha waongo na wachafuzi wa majina ya watu, na kwamba aliyesingiziwa wizi au ugonjwa hana wa kumshtaki. Hoja hiyo si ya serikali peke yake. Wapo waliovunjiwa ndoa na ajira na mtu wasiyemjua.

Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018 ziliweka leseni kwa majukwaa na blogu, zikiwa na ada zilizozidi shilingi milioni 2 kwa mwaka wa kwanza. Intaneti kafe zilitakiwa kuweka kamera. JamiiForums ilifungwa Juni mwaka huo na kurudi baada ya majuma kadhaa. Blogu nyingi ndogo hazikurudi. Mwaka 2020 laini za simu zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa. Tangu hapo mtu anaweza kuandika kwa jina lolote, lakini bando analotumia lina kidole chake.

Mwaka 2025

Mwaka wa uchaguzi mkuu wa 2025 ulikuwa mgumu zaidi. Mdude Nyagali alichukuliwa nyumbani kwake Mbeya mwanzoni mwa Mei. Polisi walikanusha kuhusika. Mwezi huohuo X ilianza kuzuiwa nchini. Tarehe 6 Septemba Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) iliisimamishia JamiiForums leseni kwa siku 90, ikidai ilichapisha maudhui ya kupotosha yanayomhusu Rais. Tarehe 29 Oktoba, siku ya kupiga kura, intaneti ilizimwa na ikabaki hivyo kwa siku kadhaa.

Baadhi ya watumiaji hufika kwenye kurasa zilizozuiwa kupitia VPN, ambazo tangu mwaka 2023 TCRA imetaka zitolewe taarifa. Wengine wamerudi kwenye makundi ya WhatsApp ya ukoo, ya waliosoma pamoja au ya kata. Huko namba ya kila mmoja inaonekana, na kabla ya kujibu mtu huangalia kwanza nani mwingine yumo.